Kidoti Chekundu kwa Mama

Kazini walimwita Majaribio, na jina hilo hakuliokota njiani. Kila zana mpya ya kutengenezea tovuti ilipotoka, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuishika, kuipindua nje ndani na kuharibu kitu. Tovuti yake mwenyewe alikuwa ameijenga upya mara tisa, na hakuna binadamu aliyewahi kuiona, maana kila ikikaribia kwisha zana nyingine inatoka, naye anabomoa na kuanza tena huku akiimba. Ndiyo, akiimba! Wengine hufurahia mpira, yeye hufurahia kitufe kinachobadilika rangi polepole ukikipitishia kipanya.

Mwenzake wa meza ya pili walimpa jina la Babu, ingawa hata miaka arobaini hajafikisha. Babu aliandika kurasa zake kwa mkono, mstari kwa mstari, vilevile alivyofundishwa siku ya kwanza. Kurasa za Babu hazikumvutia mtu yeyote, lakini hazikuwahi kugoma.

"Leo umeanza kipi tena?" Babu humuuliza asubuhi.

"Hiki ni kiboko. Subiri uone."

"Nimesubiri mara tisa, mjukuu wangu."

Basi mwezi ule Majaribio alipata sababu ya kumaliza tovuti moja, kwa mara ya kwanza maishani, tena kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Sababu yenyewe ilikuwa mama yake.

Mama alikuwa fundi wa viti. Fremu alizitengeneza seremala, lakini pale unapokalia na pale unapoegemea palisukwa na Mama kwa henzirani, zile fito nyembamba zinazolainika majini, katika chumba cha mbele cha nyumba waliyoachiwa na wazazi, yeye na mdogo wake. Miaka miwili nyuma macho yalianza kufifia, na mwaka haukuisha yakazima kabisa. Mikono haikuwa na habari! Ilisuka kama kawaida, pengine vizuri zaidi. Ila wateja walisikia kwamba fundi haoni, wakajisemea wenyewe kwamba ameacha kazi, na mmoja mmoja wakapotea.

Sasa huyo mdogo wake, yaani Mjomba, ni mtu mwema mwenye haraka. Alikuja na habari kwamba amepata kinyozi anayetaka kile chumba.

"Dada, pumzika," alisema. "Umefanya kazi vya kutosha."

"Nimechoka kupumzika," alijibu Mama.

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Mjomba akapiga goti lake. "Haya, tukubaliane. Nioneshe mteja mmoja. Mmoja tu! Aagize, muelewane, wewe mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, bila mtoto kukushika mkono wala kukunong'oneza. Ukiweza kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, saa sita mchana, kinyozi nitamrudisha mwenyewe. Usipoweza, unanipa funguo na hununi."

"Nitanuna," alisema Mama. "Lakini funguo nitakupa."

Majaribio alikuwepo, na moyo ulimruka kwa furaha. Tovuti! Mteja akiwa nyumbani kwake aone viti, aagize, na Mama ajibu kwa simu yake, ile inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa. Kwani yeye anafanya kazi gani mjini? Aliwaambia wote wawili wampe siku chache tu, akajipiga kifua, akaenda zake kuchemsha bongo.

Siku hizo chache alizitumia, jamani, kama mtoto aliyeachiwa funguo za duka la vitu vya kuchezea. Alianza na zana moja, akaihama siku ya tatu, akaingia ya pili, akaishia kwenye ya tatu ambayo ilikuwa na umri wa wiki mbili. Viti vilizunguka vyenyewe kwenye kioo. Nyuma yake palikuwa na msuko wa henzirani uliosogea kadiri unavyoteremka. Kurasa zilifunguka kama pazia. Kwa kweli ilipendeza, na hata Babu alipoitiwa kuiangalia alikuna kidevu akasema, "Mh. Imetulia." Kutoka kwa Babu hiyo ni sifa ya mwaka mzima.

Jumanne alasiri akaipeleka kwa Mama. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, mbele yake beseni la maji lenye henzirani iliyolowekwa, mapajani fremu ya kiti. Alifuta mikono kwenye aproni, akatoa simu, akapitisha kidole. Simu ikaanza:

"Kitufe. Kitufe. Kitufe. Picha, nne nne saba moja. Picha, nne nne saba mbili. Kitufe."

"Kitufe cha nini?" Mama aliuliza.

"Cha kuonesha viti, Mama. Kimechorwa kiti kidogo."

"Aha. Na huyu nne nne saba mbili ni nani?"

"Kiti kile cha mgongo mrefu."

Mama akasogeza kidole tena. Simu ikafika kwenye maneno ya ukurasa wenyewe, na hapo ikabadilika sauti, ikasoma Kiswahili kama mgeni aliyeshuka kwenye ndege sasa hivi, tena ana homa. Mama aliinua uso. "Maskini, huyu mtu ametoka wapi? Mpeni maji."

"Usijali hayo, Mama, nitayarekebisha," Majaribio alisema haraka. "La muhimu ni oda. Mteja akiagiza, juu hapa pembeni kinatokea kidoti chekundu. Sasa wewe ukikiona tu..."

Akanyamaza.

"Endelea," Mama alisema kwa upole wote. "Nikikiona?"

Majaribio alihisi damu imempanda usoni mpaka kwenye masikio. Wiki nzima! Wiki nzima anakesha na viti vya kuzunguka, na hakuna hata dakika moja aliyokumbuka anamtengenezea nani. Alitaka sakafu ifunguke.

Ndipo Mama akaanza kucheka. Kilianza kicheko kidogo cha puani, kikashuka tumboni, fremu ikamponyoka, akajishika mbavu. "Kidoti chekundu! Mwanangu wa kumzaa amenitengenezea kidoti chekundu! Na oda zikiwa mbili je, kinageuka kijani?"

"Mama, nisamehe."

"Na wakija wengi, kinakonyeza?"

Majaribio naye akacheka, halafu akalia, halafu akafanya vyote kwa pamoja, mpaka hakujua kipi ni kipi. Mama alimtafuta kwa mkono, akampata bega.

"Uliijaribu kabla ya kuileta?"

"Kwenye kompyuta tatu na simu nne."

"Kwa macho?"

"Kwa macho."

"Basi hujaijaribu. Kesho omba ruhusa kazini, njoo tuijaribu wawili."

Jumatano asubuhi Mama alimfunga kitambaa cha kichwa machoni, akakikaza kama anamfunga mwizi, kisha akamkabidhi simu. Simu ikasema kitu kwa kasi ya mahindi yanayopasuka kwenye sufuria.

"Imesema nini?"

"Imesema uko mwanzo wa ukurasa."

"Mama, punguza kasi!"

"Hiyo ndiyo kasi yangu. Nilipoanza nilikuwa naisikiliza polepole, nikaona naibiwa muda."

Wakapunguza. Majaribio akaanza kupapasa tovuti aliyoijenga kwa mikono yake mwenyewe, akitafuta mahali pa kuagizia kiti. Nusu saa nzima hakupaona! Kila kiti kilipozunguka, simu ilishtuka ikamrudisha juu kabisa, naye akaanza upya. Kitufe, kitufe, picha, kitufe. Jasho likamtoka. Alikasirika, akasimama kunyoosha mgongo, akalikanyaga beseni, maji yote yakamwagika miguuni.

"Hilo ni beseni," Mama alimjulisha. "Liko hapo miaka ishirini."

Alipokivua kile kitambaa alikuwa amelowa, amechoka, na jambo la ajabu, macho yanamng'aa. Maana ndivyo alivyo huyu mtu. Mwingine angekata tamaa, lakini yeye alikuwa ameona mlango asioujua kumbe upo. Tovuti ya kusikilizwa! Ukurasa ambao mtu anautembea kwa masikio! Hilo hakuwahi kulijaribu, na tangu lini Majaribio akapishana na kitu ambacho hajakijaribu?

Alhamisi aliingia ofisini, akafungua kazi yake yote ya wiki, akaifuta mbele ya Babu.

"Umeumwa?" Babu aliuliza.

"Nifundishe ya kwako. Ile ya mkono."

Babu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Halafu akawaita watu wa idara nzima waje kushuhudia, akamwomba arudie maneno yale kwa sauti. Alirudia. Babu alipokwisha kufaidi, akavuta kiti, wakaanza.

Kumbe mambo yalikuwa madogo madogo. Kitufe kiwe kitufe cha kweli na kiandikwe jina lake, si mchoro uliovalishwa nguo za kitufe. Kila sehemu iwe na kichwa chake cha habari, ili Mama aruke kutoka kimoja hadi kingine bila kupitia takataka za katikati. Kila kisanduku cha kujaza kiseme kinataka nini. Na yule mgeni mwenye homa? Juu kabisa ya ukurasa, mahali ambapo mtazamaji hapaoni, kuna neno moja linaloiambia simu ukurasa umeandikwa kwa lugha gani. Majaribio alikuwa amenakili ukurasa wa kuanzia kutoka ughaibuni, na lile neno likabaki la ughaibuni. Simu ya watu ilikuwa inatii amri tu.

"Miaka sita nafanya kazi hii," alisema Majaribio, ameshika kichwa. "Hilo neno nimelipita kila siku kama jirani nisiyemsalimu."

"Mimi nalisalimu," alijibu Babu.

Kidoti chekundu kikafa. Badala yake simu ingelia mlio mmoja na kutamka, "Oda mpya." Viti vikaacha kuzunguka. Zikabaki picha, na picha lazima zielezwe kwa maneno. Alasiri hiyo alikwenda kwa Mama na kompyuta yake mapajani, akajaribu kuandika ya kwanza: "Kiti cha kahawia."

"Cha nani hicho?" Mama alimaka. "Cha kahawia! Hata gunia ni la kahawia. Nipe hicho kiti." Alipitisha viganja taratibu kwenye mgongo wa kiti, akafumba midomo, kisha akasema: "Andika. Mgongo mrefu, umelala nyuma kidogo, unakupokea mabegani. Msuko wa matundu sita, umebana, haulii ukikaa. Mikono ya kiti imelainishwa mpaka ncha, haitakuvuta nguo. Umeandika?"

Majaribio aliandika huku mdomo wazi. Kile kiti amekiona tangu utotoni, na hakuwahi kukijua hivyo. Waliandika viti kumi na viwili, na kila kimoja Mama alikigombania kama mtoto wake anayepelekwa shule.

Ijumaa saa nne asubuhi tovuti ikafunguliwa kwa ulimwengu. Mama aliitembelea peke yake mwanzo mpaka mwisho kwa kasi yake ya mahindi, na mgeni mwenye homa alikuwa amepona kabisa. Majaribio na Babu wakaisambaza kwa kila ndugu, jirani na adui waliyekuwa na namba yake. Siku nzima watu wakapita kutazama viti, wakasifu, na hakuna aliyeagiza.

Jumamosi saa tatu Mjomba alifika. Saa nne akafika kinyozi, kijana mstaarabu, na futi yake mfukoni. Alisalimu kwa adabu, akaomba kupima tu ukuta, si kwa ubaya, aone vioo vitaenea vingapi.

"Pima, baba, pima," Mama alisema. "Kupima hakuchomi."

Majaribio alisimamishwa mlangoni na mikono nyuma, amekatazwa kusogea. Saa nne na nusu simu ikalia. "Oda mpya!"

Kila mtu akaruka. Mama akasikiliza, akakunja uso. "Kiti kimoja, eti 'cha bibi yangu mzaa mama.' Anayeagiza ni Babu, yule wa ofisini kwenu." Akatikisa kichwa. "Huyo si mteja, huyo ni mtu wa huruma. Mwambieni ahsante, haihesabiki."

Mjomba alikuwa ameshafungua mdomo kusema hilohilo. Akaufunga.

Saa tano ikapita. Kinyozi alimaliza ukuta wa kwanza, akahamia wa pili, futi yake ikilia kila ikijikunja. Mama alisuka, lakini Majaribio aliona vidole vinakosea, vinafumua, vinarudia, na hakuwahi kuona vidole vile vikikosea. Alitamani kwenda kumshika. Hakwenda.

Saa tano na nusu simu ililia tena.

"Oda mpya. Viti sita vya kulia chakula. Msuko umekatika. Navitaka Alhamisi."

Mjomba akatoa saa yake mfukoni. Mama akaisogeza simu mdomoni, akaiambia maneno nayo ikaandika: "Vya msuko gani?"

Jibu likaja. "Sijui. Wa kawaida. Kama ule wa kwenye picha ya tatu, ila mwembamba."

"Kata kipande kimoja cha henzirani iliyokatika," Mama alijibu. "Kilaze juu ya ukucha wa kidole chako cha mwisho. Kinafunika ukucha wote, au nusu?"

Kinyozi aliacha kupima, amebaki na futi hewani. Kisha simu ikasoma: "Nusu. Pungufu kidogo."

"Nimeshajua upana wake," Mama alisema peke yake, na mabega yakamshuka. Alikuwa ameona! Kwa ukucha wa mtu asiyemjua, kutoka mtaa asioujua, alikuwa ameona viti sita. Akaanza kuandika tena kwa sauti: "Sasa bonyeza katikati ya kiti kwa kidole cha shahada..."

Kabla hajamaliza, simu ikaingilia kati.

"Fundi, mbona unanizungusha na vidole? Unaweza au huwezi? Nimeshapotezewa muda na mafundi wawili, sitaki wa tatu. Nina wageni."

Mjomba alisimama, mishipa ya shingo imemtoka. "Huyu mtu hana adabu hata chembe! Anajua anazungumza na nani? Mwambie, dada. Mwambie hali yako, aone haya!"

"Nyamaza!" Mama alisema.

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema hivyo. Mjomba akakaa. Majaribio alimtazama mama yake, akaona uso umejaa kitu ambacho hakikuwa hasira. Mama alikuwa anatabasamu mpaka kwenye fizi.

"Amenifokea," alisema. "Mmesikia? Amenifokea mimi!" Akaisikiliza sentensi ile upya, akaipiga simu kofi dogo la mahaba. "Miaka miwili. Miaka miwili kila anayefungua mdomo mbele yangu anaanza na pole. Pole mama, jikaze mama, Mungu yupo mama. Hata wewe, mdogo wangu, unaniongelesha kama mgonjwa anayelala. Huyu hana habari na pole. Huyu anataka viti vyake!"

Mjomba aliinamisha kichwa.

Mama akajiweka sawa kwenye kigoda, akavuta pumzi, akaitamkia simu polepole, kila neno na nafasi yake: "Ninaweza. Ni Ijumaa, si Alhamisi. Ukitaka Alhamisi, wageni wako watakula wamesimama."

"Mama!" Majaribio alimaka kutoka mlangoni.

"Wewe umekatazwa kusema."

Wakasubiri. Hata kinyozi wa watu alisubiri, ingawa oda ikikubaliwa ni yeye atakayekosa chumba. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Simu ikalia.

"Haya, Ijumaa. Lakini saa nne kamili, fundi. Si saa nne na robo."

Mama alipiga paja kofi lililosikika barabarani. "Imepita!" Mjomba aliitazama saa yake, akaifunga, akairudisha mfukoni. Kisha akamshika kinyozi bega na kumwongoza nje taratibu, akimweleza kwamba kuna chumba kingine anakifahamu, kizuri zaidi, karibu na barabara, na kijana yule alipofika mlangoni aligeuka akamwambia Mama, "Hongera, fundi," na alimaanisha.

Majaribio hakuweza kujizuia tena. Machozi yanamtoka, pua inamtoka, alivuka chumba kwa hatua mbili akamrukia mama yake shingoni. Mama alimpokea, akamkumbatia kidogo sana, pengine kwa muda wa kuhesabu tatu. Kisha akamsukuma kwa kiwiko.

"Toka hapo, unanichelewesha. Hukumsikia mteja? Saa nne kamili."